Mama, Nani Atamchukua Wajina Wako Shule?

"Mama yako unamfungashia nguo umpeleke bweni Mwanza, halafu mimi nikae kimya?"

"Fikiri, wewe uliyeikimbia shule kidato cha pili, leo ndio wa kunishauri mambo ya shule?"

"Niliikimbia, sikatai. Ila kila siku nililala kwa mama yangu."

Mama, hayo yametokea Jumapili, uani kwako hapa mtaani Ng'ambo. Ni mimi, Fikiri, na kaka Kornel. Mwaka umezunguka tangu tukurudishe Puge tukulaze karibu na baba, tukakaa hapo uani kupanga maneno ya tangazo hili la gazetini la kukukumbuka. Tukaishia kugombana. Ungekuwepo ungetupa karanga tumenye wote wawili mpaka hasira ziishe.

Tunayemgombania ni Minza, binti wa Kornel, wajina wako. Ana miaka saba. Tangu apewe jina lako Kornel anamwita mama, na kwetu mtoto wa namna hiyo hachapwi wala hatumwi hovyo, maana umemtuma mama yako. Wewe mwenyewe ulikuwa unamwambia Kornel mbele ya wageni, "Mwamkie mama yako," na yeye na kitambi chake anainama: "Shikamoo mama." Mtoto anaitikia marahaba bila hata kucheka.

Ulikuwa unamchukua shule kila siku, kwa miguu. Kwa udogo wa mji huu mtu angefika nyumbani mara moja, nyie mlikuwa mnafika jua linazama. Mmesimama kwa Mzee Ghalibu dukani, amewapa maji, mmemsikiliza habari za goti lake. Mmeokota vijiwe vya mdako. Mmekaa kwenye ngazi za watu msiowajua. Theodora, mkweo, mke wa Kornel, alikuwa anakasirika, uji umepoa. Unamjibu, "Mwanangu, tulikuwa shule ya pili."

Ndivyo ulivyosoma na wewe. Ulituambia Puge mlikuwa mnakwenda shule na jembe, fagio na kuni moja ya mwalimu. Mchakamchaka asubuhi mpaka vumbi linaingia kwenye meno. Darasani ulichapwa kwa sababu ya hesabu, ukasahau hesabu, ila njia hukuisahau. Matunda ya furu mliyokuwa mnachuma, ndege mliokuwa mnawakimbiza, wimbo mliokuwa mnamwimbia mwenye ng'ombe mpaka awarushie fimbo. Ulikuwa unasema babu yako alibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani kwa miguu, sasa wajukuu wa mpagazi mkibebwa kila mahali miguu mtaiweka wapi?

Mimi sitapamba. Shule ilinishinda, na viboko vyake sivikumbuki kwa raha yoyote. Ulikuwa unatia chumvi pia, ile kuni moja kila mwaka ilikuwa inanenepa. Lakini na mimi nilikwenda na dumu langu la maji, nikarudi na chandimu, mpira wa matambara, tunaupiga kutoka geti la shule mpaka mlangoni kwako. Nilipoacha shule hukunitukana. Uliniuliza kitu kimoja, "Sasa mchana utakuwa wapi, nijue?" Basi.

Minza wa sasa anapigiwa honi kabla hakujakucha. Analala kwenye basi, soksi moja mkononi. Jioni basi linamshusha mlangoni, ndani hakuna mtu, anawasha simu ya zamani ya mama yake. Jumamosi tuisheni. Vijiwe vyake viko kwenye kopo juu ya kabati. Nilimuuliza jina la jirani wa nyumba ya tatu, hajui. Enzi zako angekutajia mpaka mbuzi wao.

Kornel naye si mtu mbaya, nisimwonee. Alisema ukweli wake. "Mimi niko gereji, Theodora yuko sokoni. Mama alikuwa anamchukua, mama hayupo, basi linamwacha kwenye nyumba tupu. Bweni atakuwa na wenzake. Nani atamchukua, wewe?"

"Mimi."

"Na pikipiki yako? Abiria watakungoja?"

"Watapanda nyingine. Nitamfuata kwa miguu."

Akacheka. Najua kwa nini. Mimi kukaa sehemu moja siwezi, nimeacha kazi nyingi kuliko alizopata yeye.

Ndipo mama mdogo Kabula, mdogo wako, alipotukatiza. "Nyie wote wawili hamna adabu. Mnamhamisha mama yenu, na hakuna aliyemuuliza."

Kornel akamwita Minza, akachuchumaa. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, unataka kwenda kusoma bweni?"

Minza akamwangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekuletea chumvi pungufu. "Mwanangu, mimi siendi. Nenda wewe, utanisimulia."

Mama, maneno hayohayo ulimjibu Kornel alipotaka uhamie kwake kipindi kile yuko Dar. Hakuna aliyemfundisha. Mama mdogo alipiga kigelegele, halafu akalia, halafu akatafuta kiatu chake.

Tunaokukumbuka ni sisi: mwanao Kornel na mkweo, mwenzako wa jikoni, Theodora, mdogo wako Kabula, majirani wa Ng'ambo na ndugu wa Puge, Mzee Ghalibu, ambaye goti bado linamsumbua, mjukuu na wajina wako Minza, na mimi kitinda mimba wako, Fikiri. Humu ndani utatajwa siku zote tutakazokuwa hai. Pumzika, mchana nitakuwa getini pa shule ya Minza, ujue.

Na ujue pia tulivyomaliza. Kornel aliinuka, akajipangusa magoti, akanisogelea.

"Umesema mbele ya mama."

"Nimesema."

"Siku ukimsahau pale getini, tangazo linalofuata ni lako, na picha nitachagua mimi."

Akageuka, akaenda zake.