Swali la Saba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia au bado anaikimbia dawa kama mtoto? Huku sote wazima wa mwili. Wifi yako anakusalimu, anasema cherehani uliyompa bado inashona kama mpya, ila mshonaji ndiye kachakaa. Nimeanza kwa salamu kama ulivyonifundisha, lakini nimekwisha kuchana karatasi mbili.

Wiki iliyopita ulinipigia simu ukilia. Ulisema mwanao, Wakili wetu, ana siku tatu chumbani, hali chakula, hafungui dirisha. Ukaniomba, kwa kuwa mimi ni karani hapahapa chuoni kwake, nimtafute mtu aliyeandika HASTAHILI kwenye fomu yake. Ukaapa kwamba utakuja mwenyewe na goti lako hilohilo, umuulize mtu huyo kama ana mtoto. Nimempata, dada. Ila niache nieleze kwa mpangilio, maana nikianza na jina hutasoma mengine.

Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya maktaba: meza tatu, makabati ya chuma na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Hapo ndipo wanafunzi wenye ulemavu huomba haki zao, kama muda wa nyongeza kwenye mtihani, chumba cha peke yao, au ruhusa ya kurudia karatasi wakiugua katikati. Fomu zikifika, katibu muhtasi hufunika majina kwa karatasi nyeusi na kuzipa namba, tusije tukapendelea ndugu na jirani. Mimi na mwenzangu mmoja tunagawana fomu, tunasoma majibu, tunagonga muhuri na kutia saini. Anastahili, hastahili. Ndiyo maana Wakili akanibatiza Mjomba Muhuri, nami nikawa nacheka nikidhani ni sifa.

Sheria zetu zina vituko. Yupo kijana wa uhandisi aliyekatwa mguu tangu yuko darasa la pili. Kila mwaka tunamdai cheti kipya cha daktari, kana kwamba mguu unaweza kuota wakati wa likizo. Yeye hukileta huku akitabasamu, anasema bado haujaota, ila akiona kidole kinachomoza atatujulisha. Ofisi nzima tulikuwa tunacheka. Wala sikushtuka hata siku moja. Leo ndiyo nashtuka.

Jumatatu nilimwendea mkuu wetu, mama mkali lakini si mbaya, nikamwomba faili la mpwa wangu. Akanikatalia, akasema karani haruhusiwi kugusa faili la ndugu. Nikabembeleza weee, mpaka akachoka, akalifungua mwenyewe na kunisomea sababu. Kwenye swali la saba mwanafunzi amejibu Hapana.

Swali lenyewe linasema hivi: Je, hali hii unakuwa nayo kila siku? Ukijibu hapana, basi, mchezo umekwisha, ukurasa wa pili haufunguliwi. Na barua ya daktari wake kuhusu kifafa ilikuwa imebanwa kwa pini huko ukurasa wa pili. Haikuguswa, dada. Hata pini yake ilikuwa haijafunguliwa.

Wewe unamjua mwanao, hajui kutia chumvi. Kifafa kinamwangusha mara mbili tatu kwa mwezi, siku nyingine anapanda ngazi mbiombio kuniacha mimi nikihema. Angejibu nini tena? Akaingia mtihani bila chumba chake wala ruhusa yake, akaanguka katikati ya ukumbi mbele ya watu mia mbili. Alipozinduka, msimamizi alikuwa keshaandika kwamba ameacha mtihani kwa hiari. Kwa hiari! Sasa wamemfuta kwenye orodha, na rufaa inafungwa Ijumaa hii. Hayo unayajua. Mengine hapa chini huyajui.

Miaka mitatu iliyopita mchezaji mmoja wa mpira alikuja na magongo, akapewa muda wa nyongeza, na kesho yake akafunga mabao mawili uwanjani tukimwangalia. Tuliaibika vibaya. Mkuu akataka kila mmoja wetu apendekeze swali la kuwanasa waongo, na langu likachaguliwa. Swali la saba nilitunga mimi, dada. Nilipigiwa makofi kikaoni, kichwa kikavimba, nikapewa barua ya pongezi. Ndiyo ileile niliyokuletea, ukaitia fremu na kuitundika sebuleni karibu na saa.

Na siyo hilo tu. Mkuu aligeuza fomu nione upande wa chini, na pale kwenye HASTAHILI palikuwa na saini yenye mkia mrefu ambayo ulikuwa unanicheka nayo tangu shuleni. Mama yangu! Mtu uliyeniomba nimtafute ni mimi.

Wakili alikuja nyumbani na hiyo fomu mkononi kabla hajaijaza. Aliniuliza ajibu nini kwenye swali la saba, maana lilimtatiza. Nikamjibu kwa maringo ya kiofisi kwamba karani hasaidii ndugu, aseme ukweli tu, fomu yetu haimwonei mtu. Akanishukuru, akaenda kusema ukweli. Na ukweli ule nilikuwa naujua, dada! Mimi ndiye niliyekuwa nikimlaza ubavu sakafuni jikoni kwako, wewe ukihesabu dakika kwa saa hiyohiyo ya sebuleni. Nilijua kwamba kifafa hakiji kila siku. Lakini mbele ya namba na karatasi nyeusi sikujua chochote. Naona aibu mpaka nashindwa kumtazama wifi yako.

Leo asubuhi nimepeleka maelezo yangu kwa kamati ya rufaa. Nimeandika yote, na mkuu amenionya kwamba huenda nikafukuzwa. Acha wanifukuze. Kamati inasema swali lile ni la kitaalamu, limetungwa na madaktari, na nakala ya barua yangu ya pongezi haionekani ofisini. Basi ishushe ile fremu. Barua inasema wazi, kwa saini ya mkuu, kwamba karani amepongezwa kwa kubuni swali la kunasa wadanganyifu. Hakuna daktari humo, wala ugonjwa hautajwi. Mpe Wakili ailete Alhamisi kabla ya saa sita, na kama hataki kuniona uso, amwachie mlinzi getini, nitaifuata.

Msalimie shemeji. Mwambie Wakili kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, mwenye kosa ni aliyeuliza. Na wewe, ukiona bado unataka kuja na goti lako, njoo, nitakungoja mlangoni. Utaniuliza kama nina mtoto. Jibu unalijua tangu zamani, dada. Mimi na wifi yako hatukujaliwa. Tulikuwa naye mmoja tu, huyo wa kwako.

Mdogo wako,
uliyenituma nijitafute.