Volti Ndogo Mno

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Nangara hatujambo, na mahindi yamebeba. Umeniuliza kama kompyuta inayozimika ovyo ni ya kutupa.

Mkoa wetu ulipokuwa mpya, nilikuwa mpiga chapa hapa mjini. Kompyuta yangu ilizimika kila nilipoanza barua, na bosi akasema mikono yangu ina mkosi. Nikaamini, hata nikaogopa kuigusa.

Fundi wetu, Mama Joseph, akakagua mipangilio, akatabasamu. "Dada, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imewekewa volti ndogo mno. Ni kama kulima na njaa." Akairekebisha. Nikachapa mpaka jioni, ukungu ukishuka taratibu kutoka mlima Kwaraa, nikihisi kama naelea.

Usiitupe. Mwite fundi aangalie volti, na usijilaumu kabla hajafika.

Bibi yako anayekuwaza