Nani Atamgusa Bega Zuhura

Jumapili, Novemba.

Wingu limekaa juu ya mtaa wetu wa Gongoni tangu asubuhi, zito, rangi ya sufuria iliyoungua, na halinyeshi. Michembe yangu ya viazi nimeianua mara mbili na kuirudisha juani mara mbili, na jua lenyewe halipo. Kuku wameingia bandani mapema. Siipendi siku ya namna hii. Mvua ikitaka kunyesha inyeshe, tujue moja.

Tangu adhuhuri simu hii sijaiweka chini. Nitasema kwa nini, ila nianze mwanzo, maana mnaosoma hapa mmekuwa wengi na kila mtu ananiuliza mjukuu wako nani, ana nini.

Mjukuu wangu ni Zuhura. Mimi namwita mke mwenza, kama mabibi wote wa hapa tunavyowatania wajukuu wetu wa kike, na yeye hujibu kwamba mume ni wake, mimi nilishazeeka. Nimemlea tangu mama yake alipoolewa tena huko Mpanda. Alikuwa anasikia kama mtu yeyote. Alipofika miaka tisa akashikwa na homa ya uti wa mgongo, akalazwa, akapona. Sikio la kulia likawa limekufa kabisa, la kushoto limebaki robo.

Kwa hilo la kushoto ana kifaa cha kusikilizia, anakificha ndani ya ushungi. Kinamsaidia mtu akiwa karibu, na mahali pakiwa pametulia. Penye fujo kinamletea fujo tu. Kingine chote anakisoma midomoni mwa watu. Anasoma midomo kuliko mimi ninavyosoma gazeti, na gazeti nasoma, msinione niliishia darasa la nne.

Ukurasa huu alinifungulia yeye. Kumpigia simu ni kazi bure, nami nina mengi ya kumgombeza, akaniambia, "Bibi, andika hapa, nitasoma." Basi naandika kwa kidole kimoja. Ninyi wengine mmeingia wenyewe.

Mwezi uliopita ameanza chuo, kozi ya misitu, huko ng'ambo ya Cheyo ambako nyumba zinaanza kuisha. Analala hukohuko bwenini. Majirani walisema sana. Mmoja alikaa hapa uwani, anatafuna michembe yangu, viazi nilivyokata na kukausha kwa mikono yangu, halafu ananiambia, "Mama Shaabani, kiziwi na pori wapi na wapi? Si ungemtafutia cherehani?" Nikamwambia rudisha michembe.

Lakini neno lake liliniingia. Sijalitoa mpaka leo.

Sasa niwaambie jambo la nyumbani kwetu. Sisi hatuamshani kwa kuitana. Mtu anaguswa bega. Hata mwenye masikio makali kama mbwa anaguswa bega. Na mkiwa wengi mahali, wa mwisho kuondoka anamgusa kila aliyebaki na kumtaja jina. Wanangu walikuwa wanaona ni ushamba. Baba yangu hakuwa na mzaha na jambo hilo, na sababu alitupa.

Babu yake baba alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe kwenda pwani. Katika msafara wao alikuwemo mtu asiyesikia. Mbele alitembea kirangozi, kiongozi wa njia, na bendera yake. Asubuhi ngoma ikilia, watu wanajitwika na kwenda. Yule kiziwi akawekwa nyuma ya kirangozi ili awe anaiona bendera, na msafara mzima ukaambiwa umwangalie. Wakapita Tura, wakaingia Mgunda Mkali, pori ambalo zamani lilikuwa halina maji wala moshi wa mtu. Humo miguu ikamvimba, mzigo wake wakagawana wenzake. Alfajiri moja ngoma ikalia kungali giza, wakaondoka. Jua lilipotoka, bendera ilikuwa mbele, na nyuma yake, mahali pa yule kiziwi, hapakuwa na mtu.

Kirangozi alikuwa amehesabu mizigo. Mizigo ilitimia.

Walirudi wachache kumtafuta, babu yake baba akiwa mmojawapo. Wakakuta jivu na mkeka. Hakuna aliyemchukia mtu yule, hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwamsha.

Baba alikuwa akifika hapo anaomba maji ya kunywa.

Sasa Jumatano iliyopita nilikuwa sokoni. Akaja Maganga, muuza mkaa, anakokota baiskeli yake. Maganga ni Mnyamwezi wa kijijini, mdomo haumlali.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa lugha ya kwetu.

Nikamwitikia.

"Yule mke mwenzako ana miguu," akasema, na soko linasikiliza. "Jana jioni nimemkuta njia ya porini, peke yake, anakanyaga vumbi kama mpagazi. Nampigia kengele, hageuki. Napiga tena, hageuki. Nikasema huyu ama ni mzimu ama hakufundwa kwao. Nilipompita ndiyo nikamjua. Nikampakia juu ya magunia."

Watu wakacheka. Nami nikacheka kwa sababu wanacheka. Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akasema jua lilikuwa linazama.

Nilifunga michembe yangu nikarudi nyumbani. Nikamwandikia Zuhura ujumbe, hasira zangu zote zimo. Akajibu kwamba Jumanne darasa lao lilikwenda porini kujifunza kupima miti, magari mawili, na wakati wa kurudi, wa gari la kwanza walidhani yuko la pili, na wa la pili walidhani yuko la kwanza. Akamalizia, "Usikasirike bibi. Hawakufanya makusudi."

Najua hawakufanya makusudi. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa nikavaa baibui jipya nikaenda chuoni. Zuhura alishanikataza, ameandika "bibi usije, utanitia aibu". Nikaenda. Mkuu wa chuo ni mwanamama wa makamo, mstaarabu, akanipa kiti na shikamoo. Akamwita mwalimu wa darasa, kijana mwenye sharubu kama fagio, na Zuhura mwenyewe, ambaye alikuja amekunja uso mpaka nyusi zimekutana.

Kumbe alikuwa hajawaambia. Tangu afike alikuwa anakaa nyuma kabisa, anaitikia kwa kichwa asichokisikia. Yule mwalimu akasema, "Mimi nilidhani ana kiburi, bibi. Namwita hageuki. Halafu nikiongea naye ananikazia macho mdomoni."

"Anakusoma," nikamwambia. "Na kwa sharubu hizo unamsomesha gizani. Zipunguze. Kupunguza sharubu ni sunna."

"Mimi ni Mmoravian, bibi."

"Mmoravian naye ana mdomo."

Mkuu akaangalia dirishani asicheke. Zuhura hakucheka. Lakini hapo tukaelewana mambo ya darasani vizuri tu. Akae mbele, upande wa dirisha, ili mwanga umpige mwalimu usoni. Mwalimu asiongee huku ameupa ubao uso na wao mgongo. Kipindi kikihamishwa, kiandikwe ubaoni, kisitangazwe mlangoni mtu anapita. Wenzake wampe walichoandika, kwa sababu hawezi kuinama aandike na kuinua macho asome mdomo kwa wakati mmoja, nani anaweza. Yote wakakubali. Mkuu akasema Zuhura angesema mapema, yangefanyika siku ya kwanza. Kweli. Mtoto ana kiburi cha kunyamaza, sijui kakitoa wapi.

Halafu nikauliza la porini.

Mwalimu akashusha sauti. "Filimbi ililia, bibi, wote wakaja. Tukahesabu vifaa. Kofia, kamba za kupimia, panga, vyote vilitimia. Vya Zuhura alikuwa amevibeba mwenzake. Ndiyo maana hatukushtuka."

Nilishika mkono wa kiti. Nilimwona baba anaomba maji.

Mkuu akaniona, akasema kwa upole, "Usiwe na hofu bibi. Sasa tunajua. Sote tutamwangalia."

"Sote simtaki," nikamwambia. "Nipe mtu."

"Mtu gani, bibi?"

"Mwenye jina."

Wakatazamana. Wasomi wakiambiwa jambo dogo sana huwa wanatafuta kubwa lililo nyuma yake. Nikawaeleza. Atajwe mmoja, aambiwe mbele ya wote: Zuhura ni wako. Filimbi ikilia unakwenda kumgusa bega. Gari likiwashwa unamgusa bega. Bwenini kukitokea la kutokea, unamgusa bega kabla hujavaa viatu. Akipotea hatutaulizana, tutakuuliza wewe.

Mwalimu akaenda darasani akarudi na msichana mwembamba, Neema, Mkatoliki wa Tura, mtoto wa mkulima, analala kitanda cha jirani na Zuhura. "Mimi bibi," akasema, "nitamgusa." Nikamfundisha palepale. Kiganja chote, si kidole, kidole kinachokoza. Halafu unazunguka mbele aone uso wako, unamtaja. Akafanya sawasawa. Nilirudi nyumbani nikala, siku mbili nilikuwa sijala vizuri.

Zuhura alinisindikiza mpaka getini. Pale getini akasema, kwa ile sauti yake asiyoisikia, kubwa, mlinzi akageuka: "Bibi, umenivua ushungi mbele za watu."

Lilinichoma. Sijutii, lakini lilinichoma. Nikamgusa bega, nikamwambia aniangalie mdomo: ukiniona mbaya uko hai, mimi nimeridhika. Akaondoa mkono wangu taratibu, akaingia ndani.

Hayo yalikuwa ya Ijumaa. Leo sasa.

Adhuhuri umeingia ujumbe wa Neema. "Shikamoo bibi. Niko kwenye treni naenda Tura, baba amezidiwa. Nimemuaga Zuhura. Usijali, wengine wapo, watamwangalia."

Wengine wapo.

Nimeusoma mara ngapi sijui. Mtoto wa watu anakwenda kwa baba yake mgonjwa, namlaumu nini? Nimemwombea baba yake. Lakini kesho Jumatatu darasa lao linakwenda porini tena, mbali kuliko Jumanne, huko njia ya Sikonge, magari mawili yaleyale. Wanatoka kabla jua halijatoka, wanarudi jioni.

Nikamwandikia Zuhura: kesho nani? Akajibu, "Wote wanajua sasa bibi. Pumzika." Nikaandika tena: wote ni nani? Huo haujafika. Tiki moja mpaka saa hii. Atakuwa amezima simu, au amenizimia mimi.

Mkuu nimempigia, hapokei, ni Jumapili. Mwalimu nambari yake sina, niliacha kuiomba kwa sababu nilikuwa na Neema.

Na wingu hili. Msiojua niwaambie: kile kifaa kikiingia maji kimekufa. Mvua ikianza tu, Zuhura anakivua, anakifunga kwenye mfuko wa nailoni, anakitia kifuani. Hiyo robo ya sikio inakwenda nacho. Porini, mvua inapiga majani, filimbi inalia, hata wenye masikio watakuwa wanakimbilia gari wamefunika vichwa, hakuna anayemtazama mwenzake. Yeye atakuwa ameupa mgongo ulimwengu wote, anapima mti wake. Akianza kupima mti hana habari, ndivyo alivyo, babu yake, mume wangu, alimharibu kwa kumfundisha majina ya miti. Watafika kwenye magari wamelowa, watahesabu kofia.

Kofia zitatimia.

Yule jirani wa cherehani amepita jioni hii, ananiuliza mbona umekaa kama mfiwa. Nikamwambia nenda zako. Sikutaka aone kwamba nimewaza cherehani. Nimewaza, ndiyo. Dakika moja. Halafu nikamkumbuka alivyokuwa siku ile amepata barua ya chuo, anazunguka uwani anagusa kila mti na kuutaja kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili, na jina lile la kisomi la tatu nisiloweza kulitamka. Mtoto yule sitamfungia ndani kwa sababu watu wengine hawajui kuhesabu watu.

Nimeshamtuma mtu kwa Maganga. Kesho anipitie na baiskeli kabla ya adhana, mkaa wake utasubiri. Nitakuwa getini magari hayajawashwa. Nitamgusa bega mwenyewe, achukie asichukie. Halafu nitasimama mbele ya hilo gari la kwanza na baibui langu, wanipigie honi wanavyotaka, mpaka mtu mmoja ateremke aniambie jina lake.

Na asipoteremka mtu?

Kuondoka kwake kuna mimi. Kurudi kwake kuna nani?

Tone la kwanza limegonga bati. Huko ng'ambo ya Cheyo Zuhura atakuwa ameshavua kifaa.