Stika Niliyoipiga Pasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Mkasi, ndivyo wote wanavyoniita. Umri: miaka 46. Kazi: fundi cherehani, nguo za kike na za kiume. Makazi: chumba cha nyuma ya duka langu.

Afande, andika kwanza kwamba mimi ni mtu wa bahati. Nimezunguka miji, nimelala chumba kimoja na wezi, sijaibiwa hata kifungo.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nane mchana, nilikuwa dukani. Nje manyunyu, ndani mvuke wa pasi. Magauni niliyotundika yalijigeuza polepole kama watu wanaowaza, nami nilikuwa nusu kazini, nusu usingizini. Akaingia mwanamume mwenye fulana safi ya nembo.

"Fundi, tunabadilisha stika za QR. Ya zamani imefungwa."

Akabandika mpya juu ya ile ya kwenye mlango wa kabati, ambayo wateja huiskani kwa simu kuona mitindo yangu. Akatoka, hata vishindo vyake sikuvisikia.

Stika ilikuwa na mikunjo. Mimi na mikunjo hatupatani. Nikaweka kitambaa, nikaipiga pasi mpaka ikalala kama imezaliwa pale.

Saa kumi akaja shemeji, mjane wa kaka yangu, kuchagua mtindo. Akaskani, akasita.

"Shemeji, mbona inataka namba iliyoingia kwenye meseji?"

"Weka, shemeji! Hili duka la Mkasi, si pango la majambazi."

Akacheka, akaweka. Simu ikamtoa kwenye akaunti yake. Meseji zake hazikufunguka tena.

Humo ndimo zilimokuwa sauti za marehemu kaka. Alikuwa akijirekodi akitoka kazini: "Mama watoto, injika maji, niko njiani." Shemeji huzisikiliza akikunja nguo. Hana pengine alipozihifadhi.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, simu isiyotoa sauti sikioni, kama anayesubiri.

"Labda kaka yako bado hajafika kona," akasema.

Nikakanyaga cherehani ili pawe na sauti. Haikuwa na uzi.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu. Afande, mtafuteni mtu huyo, sauti zirudi.

Sahihi: F. Mkasi

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali. Nilipoomba simu yake kwa uchunguzi, alitaka iongezwe hivi: "Yangu pia imetekwa. Niliiskani stika ile kabla ya shemeji, nikaweka namba; meseji zilipokataa kufunguka nikadhani ni mtandao unasumbua. Bahati niliyokuandikisha ni uongo. Sina."