Saini ya Shemeji Paluku

Makomeno, Lubumbashi

Dada Masika,

Nakusalimu wewe mkubwa wangu, na kupitia kwako naisalimu nyumba yote. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Butembo? Maharagwe ya shamba la mteremkoni yalitoka vizuri, au mvua iliyabeba tena? Mimi mwili ni mzima, nimebaki na kovu moja tu la mkono, nalo haliumi tena. Nakaa kwa familia moja ya Kikatoliki kutoka kaskazini ya Katanga. Baba wa nyumba, papa Ilunga, ni mstaafu wa reli. Alinificha siku ya vurugu bila kuniuliza kabila, na hadi leo mke wake ananipakulia bukari, ugali wao wa huku, kama mtoto wa tumbo lake.

Habari ya kifo cha mume wako uliipata kwa redio ya misheni. Walikuambia ameuawa na waporaji. Ni kweli, lakini si kweli yote. Iliyobaki ninayo mimi, na nimechoka kulala nayo.

Unaijua kazi yangu, wewe ndiwe uliyeiita kazi ya mdomo. Hapa wananiita mtu wa mademarshi: wafanyabiashara wananituma kwa wakubwa, naandika maombi yao, nakalia viti vya ofisi mpaka mlango ufunguliwe. Nilijivuna nayo, dada. Niliwaambia wateja kwamba situmikii pande mbili, sihongi, na siweki jina la mtu ambaye hakunituma. Hata kwenye harusi za watu nilikuwa nikiyahubiri hayo, chupa ya bia mkononi.

Mishahara ya askari ilipokatika, watu mjini wakaanza kusema kwamba sisi watu wa kuja ndio tunaopandisha bei ya unga. Depo mbili za watu wetu zikachomwa moto. Wauzaji wa jumla wa kwetu wakanituma nikawaombee ulinzi. Nikamfikia mshauri wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Alikuwa mpole, akanipa hata kahawa. Akasema barua isiyo na majina ni upepo mtupu. Nilete orodha, kila mtu na saini yake, komini yake na mlango wake, ili askari wajue pa kusimama. Mimi, mjanja wa mademarshi, sikujiuliza karatasi hiyo italala kwenye droo ya nani. Nilimshukuru.

Nikaanza na mume wako, shemeji Paluku, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu hapa. Alikuwa anafunga turubai la lori, wala hakuacha kamba aliponijibu.

"Jina yangu usiiweke mu makaratasi yako, Kambale," akasema. "Niko hapa kwa kuuza, siko hapa kwa kujulikana."

Mama Kavira, mwenye depo ya mafuta ya mawese iliyo ukuta kwa ukuta na ya shemeji, naye alikataa, tena kwa matusi. Huyo nilimwacha na matusi yake.

Lakini unawajua watu wetu. Hakuna mdogo atakayetia saini kwenye karatasi ambayo mkubwa hajaigusa. Kila nilikopita, kwenye komini za Kampemba na Kamalondo, swali lilikuwa moja tu: Paluku ameshaweka? Siku tatu karatasi ikabaki nyeupe. Siku ya nne nilichukua risiti yake ya zamani, nikaiga saini yake, nikaiweka kwenye mstari wa kwanza. Nilijiambia ni kwa faida yake, atakuja kunishukuru. Baada ya hapo wengine wote walisaini, mkubwa kwanza, mdogo baadaye, kila mmoja kwa heshima yake. Orodha hiyo ya wino wa zambarau nikaipeleka mwenyewe kwa yule mshauri.

Jina langu halikuwemo. Mtu wa mademarshi hajiweki kwenye ombi la wateja wake. Hiyo nayo ilikuwa sheria yangu, na hiyo niliitunza vizuri sana.

Waporaji walikuja wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Nilikuwa depo kwa shemeji, nimepanda juu ya magunia ya mahindi kutafuta lililotobolewa na panya. Tulisikia filimbi kwanza, kisha bati la lango likalia. Waliingia na vyuma, mapanga na madumu ya petroli. Dereva aliyekuwa mlangoni walimpiga chuma cha uso, akaanguka bila neno. Shemeji alinitazama mara moja, akanionyesha kwa mkono nilale. Nikalala katikati ya magunia.

Dada, wale hawakuanza kupora. Aliyewaongoza alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Niliitambua kutoka juu, ilikuwa orodha yangu ile ile, wino wa zambarau. Akamkaba shemeji shingo, akaisogeza mbele ya macho yake.

"Numero moya njo weye. Hii saini iko yako?"

Shemeji aliitazama saini ile. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli. Lakini wangemuuliza ni nani basi aliyeiandika, na mimi nilikuwa juu ya kichwa chake. Alielewa yote pale pale, nakuapia.

"Iko yangu," akasema.

Wakamvunja magoti kwa chuma. Alipokuwa chini wakamkata panga, begani kwanza, halafu shingoni. Hakuniita, wala hakutazama juu. Mimi sikushuka. Niliuma mkono wangu mwenyewe ili nisipige kelele, nikauma mpaka damu ikajaa mdomoni. Ndilo hilo kovu nililokuambia, si la panga la mtu.

Walipomaliza, mwenye karatasi akasoma tena: "Ya mbili iko Kamalondo." Wakamwaga petroli, wakawasha, wakatoka. Mimi nikang'oa bati la paa nikaruka kwa mama Kavira. Depo yake walipita mbele yake na mafuta yote yale, hawakugusa hata kufuli. Siku nzima walivuka mji hivyo, Kampemba, Kamalondo, tena Kampemba, wakiruka milango ya jirani kufuata mpango wangu wa heshima, mkubwa kwanza, mdogo baadaye.

Jambo hili nililieleza kwanza kwa papa Ilunga. Nilisema mengi juu ya mshauri yule na usaliti wake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja tu: "Na ye shemeji yako, ulimuuliza?"

Sasa kuna wakili anayetaka kupeleka malalamiko yetu mahakamani. Nimemwambia kwamba nitakiri ile saini mbele ya jaji. Amekasirika, anasema nitaiharibu kesi. Na watu wetu ni wale wale, dada. Kila ninayemwendea anauliza: Masika anasema nini? Nilipomweleza wakili kwamba wewe uko mbali, akanisogezea kalamu. "Weye njo ndugu yake," akasema. "Saini tu mahali pake." Nilimrudishia kalamu yake, nikatoka.

Ukikataa kutia saini, najua wengi wataogopa na kesi itakufa. Sitakusukuma. Ukitaka nisikanyage tena mlango wako, hiyo pia ni haki yako.

Msalimie mama mkwe wako, kama utaweza kulitaja jina langu mbele yake. Msalimie Muhindo fundi cherehani, mume wa mdogo wetu, na katekista aliyetufundishia watoto. Wanao wakubwa wakiuliza baba yao alikufaje, wape barua hii waisome wenyewe.

Ndani ya bahasha nimetia karatasi ya malalamiko. Mpaka leo ina saini moja, ya mama Kavira, aliyejua yote kabla ya kushika kalamu. Ameiweka kwenye mstari wa pili. Wa kwanza hakuna aliyeugusa.

Mdogo wako,
Kambale