Kwale Mwenye Jina Lako

Mama Stella, mke wangu,

Huku Mnyambe kwa mwanao upepo wa asubuhi unanibana magoti, ila mdomo bado mzima. Juzi wajukuu zako wawili walikwenda kuokota korosho wakarudi na kwale aliyevunjika mguu. Alikuwa amenona, nikamwambia Stella abandike chungu. Watoto hawakunijali. Wakamfunga mguu kwa kijiti na kipande cha leso yangu, ile uliyonishonea, wakamlaza kwenye ungo. Nikaomba kisu.

Ndipo yule mdogo, Agnesi, akasema, "Babu, huyu tumeshampa jina. Anaitwa Martha, somo wa bibi."

"Mpeni jina la shangazi yenu."

"Tumeshampa, babu. Kwa hiyo unataka kumla bibi?"

Stella alicheka mpaka akakaa chini. Unajua kwetu somo wa mtu ni mtu mwenyewe, basi chungu kikapikiwa mbaazi.

Sasa watoto wakienda shule, mimi na mvi zangu ndiye ninayechimba mchwa wa kumlisha. Nikichelewa ananidonoa kidole, na Agnesi akirudi ananiuliza nimemkosea nini bibi.

Leo amekanyagia ule mguu. Wanasema akipona watamwachia arudi porini. Nimewaambia huyo aende tu, lakini wewe usiende popote. Naja Jumamosi, na kisu nimekirudisha jikoni.

Ule vizuri, ulale vizuri.

Mumeo, Baba Stella