Mbegu Ndani ya Chupa

Likuyani,
9 Machi

Kwa kaka yangu mpendwa Joash,

Hamjambo, wewe na wifi Beverly, na kile kifua chako kimepoa? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha mara mbili na majirani wameanza kupanda. Ningekupigia simu, lakini Mama husikia kila neno katika nyumba hii, na haya sitaki ayasikie kwanza.

Mwezi wa Oktoba Zipporah, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama kanisani, alitangaza kwamba boma litakaloleta chupa nyingi zaidi za plastiki, zikauzwe kwa wanaoziyeyusha, litapewa tangi la maji. Ungetucheka. Watu wanaowasha jiko kwa plastiki kila siku walikuwa mitaroni wakiokota chupa wakiwa wamevaa nguo za kanisa. Mimi nilikuwa mbele yao wote. Tangi tulilipata sisi, na wiki hiyo hiyo kila mtu akarudi kuchoma taka nyuma ya choo. Hata mimi.

Mama hakutaka mambo hayo. Alisema chupa zake zina kazi. Unajua anavyofanya: maharagwe yakikauka anayachanganya na jivu, anayatia katika chupa za soda, anakaza vifuniko, na fukusi wanakosa hewa. Ni mbegu ile ile aliyopewa na Nyanya alipoolewa.

Wiki iliyopita alizifungua ili apande. Chupa zote kumi na nne zilikuwa unga na fukusi. Hakulia. Alisema mkono wake umezeeka, hajui tena kukausha wala kufunga. Kiprotich wa ng'ambo ya barabara alipokuja kuomba mbegu kama kila mwaka, alimwambia akanunue dukani. Juzi aliniletea chupa zote, akasema nizipeleke kwa Zipporah, yeye hana haja nazo tena.

Joash, mkono wa Mama hauna kosa. Wakati wa mashindano yale, alipokwenda Butali kumuuguza Senje, shangazi yetu, jirani yetu Selpher alikuwa amenipita kwa chupa chache tu. Nilimwaga mbegu kwenye gunia, nikapeleka chupa. Mbegu zilikaa guniani wiki tatu, zikipigwa na hewa. Kabla hajarudi niliokota chupa nyingine, nikazijaza, nikazipanga palepale. Hakutambua. Kila asubuhi nachota maji kwenye tangi lile na ninaona haya.

Ulipokuja Agosti alikupa chupa moja ya maharagwe hayo uende nayo Nakuru. Kama hamjaipika, tafadhali itume na mtu kabla mvua haijakolea. Ikifika nitamweka Mama chini nimwambie yote. Kama mliipika, nijibu upesi, kwa maana nitamwambia vilevile, ila nitakuwa mikono mitupu.

Nisalimie wifi sana. Mama naye anawasalimu. Yuko hapa mlangoni anachambua mboga, anadhani ninakuandikia habari za mvua.

Ni mimi dada yako,
Winrose